Ukali wa Ndimu Si Kipimo
Utafiti juu ya maji na maganda ya matunda ya jamii ya michungwa

Tarehe 7 Aprili 1498 merikebu tatu za Wareno, zikiongozwa na Vasco da Gama, zilitia nanga nje ya bandari ya Mombasa. Mabaharia wengi walikuwa wameugua njiani. Kadiri ya miezi miwili kabla ya hapo, katika mlango wa mto mmoja wa pwani ya Msumbiji, miguu na mikono yao ilivimba, na fizi zikaota hata kufunika meno, wasiweze kula. Mfalme wa Mombasa aliwapelekea wageni kondoo, miwa, na machungwa na malimau kwa wingi. Wagonjwa wakapata nafuu. Msafiri mmoja aliyeandika kumbukumbu za safari hiyo aliitaja zawadi ya matunda; lakini alipoeleza sababu ya kupona kwao, alimshukuru Mungu na kuisifu hewa nzuri ya mji.

Januari 1499 merikebu hizo zilifika Malindi zikirudi kutoka India. Kuvuka bahari kulikuwa kumechukua karibu miezi mitatu, na mabaharia 30 walikuwa wamekufa. Mtu alitumwa pwani alete machungwa, kwa kuwa wagonjwa waliyatamani sana. Machungwa yaliletwa, lakini wengi walikuwa wamekwisha kuzidiwa, wakafa hapo hapo Malindi. Safari hii mwandishi aliilaumu hewa.

Basi hewa ilisifiwa kwa kuponya na ikalaumiwa kwa kuua, hali tunda lenye dawa lilikuwa mkononi mwa mgonjwa. Ugonjwa wenyewe ni kiseyeye. Iliwachukua wataalamu zaidi ya miaka 400 tangu siku hizo kueleza kwa hakika ni kitu gani ndani ya chungwa kinachouponya. Katika muda huo dawa ilijulikana, ikapotea, kisha ikapatikana tena. Makala haya yanaeleza jinsi jambo hilo lilivyotokea, na mwisho yanaonyesha jaribio ambalo shule yoyote yenye maabara ndogo inaweza kulifanya.

JAMII YA MICHUNGWA

Mwenyeji wa pwani ya Afrika Mashariki hahitaji kufundishwa kutofautisha matunda haya. Anajua chungwa, danzi, chenza, furungu, limau na ndimu, na kila moja lina kazi yake. Ndimu ni ndogo, ya mviringo, yenye ganda jembamba. Hukamuliwa juu ya samaki na hutiwa katika achari. Limau ni kubwa kuliko ndimu, na aghalabu lina chuchu nchani. Tofauti hii ya majina ikumbukwe, kwa kuwa kukosekana kwake katika lugha nyingine kulileta madhara makubwa, kama itakavyoelezwa.

Uchunguzi wa chembe za urithi uliofanywa katika karne hii umethibitisha kuwa mengi ya matunda haya ni machotara. Chungwa limetokana na jamii ya chenza na jamii ya furungu. Limau ni mtoto wa danzi na tunda liitwalo sitroni, lenye ganda nene na maji machache. Ndimu nayo ina damu ya sitroni, lakini mzazi wake wa pili ni mti wa mwitu wenye asili ya Ufilipino. Kwa hiyo limau na ndimu ni ndugu wa upande mmoja tu. Kufanana kwao ulimini si hoja ya kuwa ni kitu kimoja.

JARIBIO LA MWAKA 1747

Katika karne ya 18 kiseyeye kiliwaua mabaharia wa Ulaya kuliko vita. Dawa zilizosifiwa zilikuwa nyingi, na kila mganga alikuwa na yake. Tarehe 20 Mei 1747, daktari Mskoti aitwaye James Lind, aliyekuwa akitumikia katika manowari ya Kiingereza Salisbury, aliamua kuzilinganisha. Aliwachagua wagonjwa 12 ambao hali zao zilikaribiana, akawalaza mahali pamoja, akawapa chakula cha kawaida cha namna moja. Kisha akawagawa wawili wawili katika mafungu 6, na kila fungu akalipa dawa yake kila siku: pombe ya matofaa, matone ya asidi salfuriki iliyochanganywa na vitu vingine, siki, maji ya bahari, mseto wa vitunguu saumu, haradali na viungo, na fungu la mwisho machungwa mawili na limau moja.

Matunda yalitosha siku 6 tu. Hata hivyo, mmoja wa wagonjwa wawili walioyala alikuwa tayari kurudi kazini, na mwenzake alipata nguvu hata akawekwa kuwahudumia wagonjwa waliobaki. Waliokunywa pombe ya matofaa walipata nafuu kidogo. Waliokunywa asidi na siki hawakupona.

Mwanafunzi aangalie vizuri matokeo hayo. Wakati huo waganga wengi waliamini kuwa kitu chochote kikali huzuia kiseyeye. Asidi salfuriki ni kali na siki ni kali, lakini hazikufaa kitu. Jaribio lilikuwa limekwisha kuonyesha kuwa ukali sio dawa. Bahati mbaya, somo hilo halikuonekana, hata na Lind mwenyewe. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1753 alieleza jaribio lake, lakini alidhani kuwa unyevunyevu wa hewa una sehemu kubwa katika kuleta ugonjwa. Tena, ili matunda yaweze kuchukuliwa katika safari ndefu, alishauri maji yake yapashwe moto kwa saa nyingi mpaka yapungue na kuwa mazito. Leo inajulikana kuwa moto na hewa viliharibu sehemu kubwa ya dawa aliyotaka kuihifadhi.

DAWA ILIYOPOTEA

Mwaka 1795 wakuu wa jeshi la majini la Uingereza waliagiza mabaharia wote wapewe maji ya malimau. Malimau hayo yalitoka hasa katika nchi za Bahari ya Kati. Kiseyeye kikapungua mno katika manowari, hata madaktari vijana wakawa hawajapata kukiona. Yaelekea habari ingeishia hapo.

Lakini katika miaka ya 1860 malimau ya Bahari ya Kati yaliachwa, na mahali pake yakaletwa maji ya ndimu kutoka visiwa vya Karibi vilivyotawaliwa na Uingereza. Badiliko hilo halikumshtua mtu. Katika Kiingereza cha siku hizo neno moja lilitumika mara nyingi kwa maji ya limau na kwa maji ya ndimu pia. Isitoshe, ndimu ni kali kuliko limau, na aliyeamini kuwa dawa ni ukali alitegemea kuwa ndimu itafaa zaidi. Hakuna aliyepima, maana hakukuwa na kipimo.

Kosa hilo halikujulikana kwa muda mrefu kwa sababu meli za mvuke zilikuwa zimefupisha safari. Baharia aliyefika bandarini kila baada ya majuma machache alikula mboga na matunda mabichi, akapona bila kujua kuwa maji aliyokuwa akipewa hayakumsaidia. Ukweli ulitokea katika safari ndefu za nchi za barafu. Katika msafara wa George Nares wa mwaka 1875 na 1876 kuelekea Ncha ya Kaskazini, kiseyeye kilizuka ingawa meli zilikuwa na akiba ya maji ya ndimu. Madaktari wengi wakakata tamaa juu ya matunda haya. Baadhi yao walianza kufundisha kuwa kiseyeye huletwa na sumu ya nyama iliyoharibika. Hivyo elimu iliyokuwa imepatikana kwa jaribio ilitupwa, si kwa sababu ilikuwa ya uongo, bali kwa sababu kitu kimoja kilikuwa kimebadilishwa na jina likabaki lile lile.

MNYAMA MDOGO AFUMBUA FUMBO

Mwaka 1907 wataalamu wawili wa Norway, Axel Holst na Theodor Frølich, walitangaza kuwa wameweza kuwapa kiseyeye simbilisi, yaani wale wanyama wadogo wasio na mkia wanaofugwa katika maabara, kwa kuwalisha nafaka tupu. Walipowapa mboga na matunda mabichi, simbilisi walipona. Hapo ndipo kipimo kilipopatikana: chakula chochote kiliweza kujaribiwa kwa kuangalia ni kiasi gani kinachotosha kumkinga mnyama.

Wataalamu hao walikuwa na bahati. Wanyama wengi, kama mbuzi, mbwa, panya na ng'ombe, hujitengenezea wenyewe miilini mwao kitu kinachozuia kiseyeye. Kama wangewatumia panya wasingeona ugonjwa kamwe. Binadamu, nyani na simbilisi ni miongoni mwa wachache wasio na kimeng'enya kinachohitajiwa kwa hatua ya mwisho ya utengenezaji huo. Kwa hiyo ni lazima wakipate katika chakula.

Mwaka 1918, katika taasisi ya Lister mjini London, Harriette Chick na wenzake walitumia kipimo hicho kulinganisha limau na ndimu. Waliona kuwa maji mabichi ya ndimu yalikuwa na kadiri ya robo tu ya nguvu ya maji mabichi ya limau, na kuwa maji ya ndimu yaliyohifadhiwa hayakufaa karibu kitu. Msiba wa miaka 50 ukapata maelezo yake. Vipimo vya kemia vya siku hizi huonyesha tofauti ndogo zaidi kuliko hiyo kati ya matunda mabichi, maana kiasi hubadilika kwa aina ya mti na ukomavu wa tunda. Lakini kuhusu hasara ya kuhifadhi maji vibaya, hukumu haijabadilika.

KILICHOMO NDANI YA MAJI

Mwaka 1928 Albert Szent-Györgyi, mtaalamu wa Hungaria aliyekuwa akifanya kazi Cambridge, alitangaza kuwa amepata fuwele nyeupe kutoka katika tezi za ng'ombe zilizo juu ya figo, na pia kutoka katika machungwa na kabichi. Mwaka 1932 ilithibitishwa kuwa fuwele hizo ndizo vitamini C. Uthibitisho huo ulitoka kwake na mwenzake Joseph Svirbely huko Szeged, na mwaka huo huo Charles Glen King wa Pittsburgh, Marekani, aliipata kutoka katika maji ya malimau. Mwaka 1933 iliweza kutengenezwa katika maabara. Jina lake la kikemia, asidi askobiki, maana yake ni asidi ya kuondoa kiseyeye.

Kazi yake mwilini ni nyingi, lakini moja yaeleza dalili zote zilizoandikwa mwaka 1498. Mwili una protini iitwayo kolajeni, ambayo hushikanisha ngozi, fizi, mifupa na kuta za mishipa ya damu, kama kamba zinavyoshika fito za nyumba ya udongo. Bila vitamini C kamba hizo hutengenezwa dhaifu. Fizi hulegea na kutoka damu, mishipa midogo hupasuka chini ya ngozi, na vidonda havifungi. Kiasi cha miligramu 10 kwa siku hutosha kuzuia kiseyeye. Shirika la Afya Duniani na Shirika la Chakula na Kilimo hupendekeza miligramu 45 kwa siku kwa mtu mzima.

Sasa ukali unatoka wapi? Unatoka katika asidi nyingine, asidi sitriki, ambayo Carl Scheele wa Sweden aliitenga kutoka katika maji ya malimau mwaka 1784. Katika sentimita za ujazo (sm³) 100 za maji ya limau mna kadiri ya gramu 5 za asidi sitriki, yaani miligramu 5,000, na miligramu 40 tu za vitamini C. Asidi sitriki ni zaidi ya mara 100 ya vitamini. Ulimi unapoonja limau huonja asidi sitriki; vitamini hauisikii kabisa. Ukali huo una faida moja: vitamini C hudumu zaidi ndani ya asidi kuliko ndani ya maji matupu. Lakini mlinzi wa hazina siye hazina yenyewe.

Orodha ifuatayo yaonyesha kadiri ya vitamini C, kwa miligramu, katika gramu 100:

Pera: 230
Ganda la chungwa: 135
Ganda la limau: 130
Papai: 60
Maji ya chungwa: 50
Maji ya limau: 40
Maji ya ndimu: 30

Pera lisilo kali lina zaidi ya mara nne ya maji ya chungwa, na ndimu iliyo kali kuliko zote iko chini kabisa. Orodha hii si ya kuidharau ndimu. Ndimu mbichi iliyokamuliwa mezani ina manufaa. Lakini vijiko viwili vya maji yake, kadiri ya gramu 30, havitoi zaidi ya miligramu 9.

GANDA LINALOTUPWA

Wasomaji wameona kuwa ganda lina vitamini nyingi kuliko maji. Ganda lina sehemu mbili. Ya nje ni yenye rangi, na imejaa vifuko vidogo vya mafuta. Ya ndani ni nyeupe, laini kama sifongo.

Mafuta ya nje ndiyo yenye harufu ya chungwa. Zaidi ya sehemu 90 katika 100 za mafuta hayo ni limoneni, umajimaji unaowaka kwa urahisi. Mwanafunzi anaweza kuliona hilo kwa kukunja kipande cha ganda bichi karibu na mwali wa mshumaa: vitone vinavyoruka vitatoa cheche. Mafuta hayo hutumiwa viwandani katika sabuni, manukato na vinywaji.

Sehemu nyeupe ina pektini nyingi. Pektini huyeyuka katika maji ya moto yenye asidi, na ikipata sukari ya kutosha huganda ikipoa. Ndiyo sababu jemu ya machungwa iliyopikwa pamoja na maganda hushikana bila kuongezewa kitu. Viwanda vya kukamua machungwa katika nchi mbalimbali huyatumia maganda kwa kutoa pektini na kwa kulisha mifugo.

Inafaa kusahihisha hapa dhana moja inayowadhuru wakulima. Machungwa ya Muheza au ya Unguja hubaki ya kijani hata yakiiva, kwa sababu usiku wa pwani una joto. Rangi ya machungwa iliyokolea huhitaji baridi ya usiku ili umbijani, yaani rangi ya kijani ya mimea, utoweke. Kwa hiyo rangi ya ganda, kama ukali wa maji, si kipimo cha kilichomo ndani. Anayetaka kula ganda alioshe vizuri kwanza, maana huenda miti ilinyunyiziwa dawa za wadudu.

JARIBIO LA MAABARA

Jaribio hili hutegemea mambo mawili: iodini hugeuza wanga kuwa na rangi ya buluu, na vitamini C huiondoa iodini kabla haijaufikia wanga. Kadiri vitamini ilivyo nyingi, ndivyo iodini nyingi inavyohitajika kabla ya rangi kutokea.

Vifaa: iodini ya duka la dawa (asilimia 2), unga wa muhogo, kidonge cha vitamini C cha miligramu 100, bureti au bomba la sindano lisilo na sindano, vyombo vya kupimia, kitambaa cha kuchujia.

1. Kijiko kidogo cha unga kikorogwe katika maji baridi kidogo, kisha kitiwe katika sm³ 100 za maji yanayochemka. Yakipoa, maji ya juu yatumike kama wanga.

2. Sm³ 10 za iodini ziongezwe maji mpaka ziwe sm³ 100.

3. Kidonge kisagwe, kiyeyushwe, na kiongezwe maji mpaka sm³ 100. Kila sm³ 1 sasa ina miligramu 1 ya vitamini C.

4. Sm³ 20 za maji ya kidonge zitiwe katika chupa pamoja na matone 10 ya wanga. Iodini idondoshwe kidogo kidogo huku chupa ikitikiswa, mpaka rangi ya buluu idumu kwa sekunde 15. Kiasi cha iodini kiandikwe.

5. Hatua ya 4 irudiwe kwa sm³ 20 za maji ya chungwa, ya limau na ya ndimu yaliyochujwa. Kila kipimo kifanywe mara tatu, na wastani utafutwe.

Kwa mfano, ikiwa maji ya kidonge, yenye miligramu 20, yalihitaji sm³ 14 za iodini, na maji ya tunda yakahitaji sm³ 7, basi tunda lina miligramu 10 katika sm³ 20, yaani miligramu 50 katika sm³ 100.

Wanafunzi wakiisha kuzoea, wayagawe maji ya tunda moja katika mafungu manne: moja lipimwe mara moja, la pili lichemshwe nusu saa, kisha maji yaliyopotea yarudishwe kabla ya kupima, la tatu liachwe wazi kwa siku moja, la nne liachwe hivyo hivyo likiwa na waya safi wa shaba. Shaba huharakisha kuharibika kwa vitamini C.

Mwalimu aangalie mambo mawili. Kwanza, kinachotumika katika jaribio kisinywewe, na iodini isiguse macho wala nguo. Pili, njia hii haifai kwa maganda, kwa kuwa mafuta yake nayo huweza kula iodini, na jibu likawa kubwa kuliko ukweli.

MWISHO

Kiseyeye hakikuondoka duniani pamoja na merikebu za matanga. Katika miaka ya 1980 kilizuka katika kambi za wakimbizi za Ethiopia, Somalia na Sudan, mahali ambapo watu walipewa nafaka, maharage na mafuta kwa miezi mingi bila matunda wala mboga mbichi. Chakula kilipimwa kwa uzito na kwa nguvu zake za joto, kikaonekana kinatosha. Kilichokosekana hakikuonekana kwa macho. Hilo ndilo kosa la karne ya 19 likirudi kwa sura nyingine. Mabaharia hawakufa kwa kukosa dawa tu. Walikufa pia kwa sababu waliowaandalia chakula waliamini jina na ladha, wasipime.

MASWALI

1. Kwa nini ilikuwa muhimu kwa Lind kuwapa wagonjwa wote 12 chakula cha kawaida cha namna moja?

2. Matokeo gani ya jaribio la 1747 yalionyesha kuwa ukali sio dawa ya kiseyeye?

3. Kama Holst na Frølich wangetumia panya badala ya simbilisi, wangefikia uamuzi gani, na kwa nini ungekuwa wa makosa?

4. Kwa nini maji yaliyopotea katika kuchemsha ni lazima yarudishwe kabla ya kupima?

5. Taja chakula kimoja mahali unapoishi kinachosifiwa kwa ladha au rangi yake. Ungepangaje jaribio la kuthibitisha au kukanusha sifa hiyo?